UZI: Wachina waliiga tu? Habari za Nanyuan, nyumba moja inayotoa makombora na roketi za mwezini

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Wakuu salaam.

Kila China ikirusha kitu angani, humu ndani hakosekani wa kusema "hao wameiga, Mrusi aliwapa kila kitu". Kauli hiyo inanikera. Sina cha kuitetea serikali ya China, ila nafundisha fizikia sekondari na naona inavyowaharibu wanafunzi wangu: wanabaki wakiamini kwamba ukipewa michoro umepewa na ujuzi. Leo nimekaa, nitaandika kwa kirefu. Mwenye haraka asome kesho.

Kusini mwa jiji la Beijing kuna mahali panaitwa Nanyuan. Enzi za wafalme palikuwa pori lao la kuwindia, baadaye pakajengwa kiwanja cha ndege, cha kwanza nchini humo. Tarehe 16 Novemba 1957 ikaanzishwa hapo taasisi ambayo leo inajulikana duniani kwa herufi CALT. Wachina wenyewe wamezoea kuiita Taasisi ya Kwanza. Ni mali ya serikali, chini ya shirika kubwa la CASC. Roketi nyingi za Long March, Changzheng kwa Kichina, yaani Matembezi Marefu, zimezaliwa hapo. Makombora ya Dongfeng, yaani Upepo wa Mashariki, yale yanayobeba vichwa vya nyuklia, mengi yamezaliwa hapohapo. Watu hupenda kuyatenganisha, hili la sayansi, lile la vita. Pale Nanyuan hayakutengana. Roketi iliyopeleka setelaiti ya kwanza ya China mwaka 1970 ilitokana na kombora DF-4, na ukoo mzima wa Long March 2, pamoja na ile inayobeba wanaanga, unatokana na DF-5. Kinachobadilika ni mzigo wa juu na mahali unakopelekwa.

Aliyeiasisi kazi hiyo ni mwanasayansi wa Kichina, Qian Xuesen. Alikwenda Marekani mwaka 1935 kwa ufadhili wa masomo, akafika chuo cha Caltech kwa Theodore von Kármán, bingwa wa sayansi ya urukaji, akawa mmoja wa waanzilishi wa maabara ya roketi ya JPL. Mwaka 1945 Jeshi la Marekani lilimvika sare na kumpeleka Ujerumani kuwahoji wataalamu wa makombora wa Hitler, Wernher von Braun akiwemo. Miaka 5 baadaye Marekani hiyohiyo ikamtuhumu ukomunisti, ikamnyang'anya kibali cha kazi za siri, ikamtia kizuizini wiki 2, kisha ikamzuia kuondoka nchini kwa miaka 5. Septemba 1955 ikamwachia, katika mazungumzo yaliyogusa pia marubani wake waliokuwa wameshikwa China. Akapanda meli na familia yake akarudi kwao. Kwa maoni yangu hakuna kosa kubwa zaidi ambalo Marekani ililifanya katika mambo ya roketi.

Basi alikuta nini kule? Tarehe 8 Oktoba 1956 ilipofunguliwa taasisi mama ya makombora, aliyekuwa amewahi kuliona kombora kwa macho yake alikuwa yeye na wachache sana. Wengine walikuwa vijana zaidi ya 150 waliotoka vyuoni mwaka huohuo, na Qian aliwafundisha darasani kama mimi ninavyofundisha kidato cha tatu, kuanzia kombora ni nini.

Mrusi alisaidia, hilo halina ubishi. Mwisho wa mwaka 1957 yalikuja kwa treni makombora 2 ya R-2 pamoja na michoro na wataalamu. Wachina wakaanza kutengeneza la kwao kwa michoro ile, wakalipa jina la siri 1059, maana walitaka limalizike Oktoba 1959. Halikumalizika. Agosti 1960 urafiki ukavunjika, wataalamu wa Kisovieti wakafungasha wakaondoka. China wakati huo ilikuwa kwenye njaa mbaya kabisa. Wahandisi walivimba miguu kwa kukosa chakula, na Jemadari Nie Rongzhen, msimamizi wa mpango huo, akalazimika kuyaomba majeshi ya mikoani samaki, nyama na maharage ya soya ya kuwalisha. Kombora 1059 likaruka tarehe 5 Novemba 1960 na likapiga shabaha.

Hapa ndipo msemaji wa "wameiga" anapofunga kitabu. Mimi nasema kitabu ndiyo kwanza kinafunguka.

Baada ya hapo wakataka la kwao wenyewe, DF-2, la kwenda mbali zaidi. Wakachukua umbo la lile la Kirusi, wakalirefusha, wakaliongezea nguvu ya injini. Tarehe 21 Machi 1962 wakalirusha Jiuquan, jangwani. Likapaa, likaanza kuyumba, injini ikashika moto, likaanguka karibu na palepale lilipoanzia. Haikupita dakika moja na nusu.

Qian akaenda mwenyewe kwenye lile shimo. Jibu lililopatikana ndilo ninalolipenda kuliko yote kwenye historia hii. Kombora fupi unaweza kulihesabu kama gongo, kitu kigumu kisichopinda. Ukilirefusha linakuwa ufito. Likiruka linapinda na kutetemeka, vyombo vya kuongoza vinadhani limepotea njia, vinalisahihisha, usahihisho ule unazidi kulitikisa. Injini nayo ilikuwa haina uimara wa kutosha kwa nguvu mpya waliyoidai. Michoro ya R-2 isingeweza kuwaambia hilo, kwa sababu michoro inakuonyesha umbo na vipimo, haikuonyeshi hesabu iliyofanya vipimo vikawa vile.

Toka siku ile ikawekwa kanuni kwamba hitilafu zimalizwe ardhini, zisipelekwe angani. Wakajenga mnara wa kusimamisha kombora zima na kulitikisa, wakajenga majukwaa ya kuwasha injini zikiwa zimefungwa. Walikaa zaidi ya miaka 2 bila kuirudia safari ile.

Juni 1964 wakarudi Jiuquan. Joto la jangwa likatanua mafuta, tangi likashika kilo pungufu, hesabu zikaonyesha kombora halitafika. Wakubwa wakawa wanatafuta namna ya kuongeza mafuta. Kijana mmoja wa miaka 31, Wang Yongzhi, akasema tupunguze: tutoe kilo 600 za alkoholi. Wakamwona hajielewi. Akaenda kumbishia hodi Qian. Fikiria mwenyewe: alkoholi inaungua na oksijeni, na uwiano wao umepangwa. Alkoholi ikizidi, inayobaki bila kuungua ni mzigo tu unaobebwa bure. Qian akasikiliza, akawaambia wakubwa kijana yuko sahihi. Tarehe 29 Juni DF-2 likafika. Wang yule ndiye mwaka 1992 aliyekabidhiwa mpango mzima wa kupeleka Wachina angani.

Nitaendelea. Karibuni kwa hoja.

Kibo_Mawenzi aliandika:

Tiririka Mwalimu, nimekaa mkao wa kusoma. Hilo la ufito limenifungua macho.

Hoja_Kwa_Hoja aliandika:

Mwalimu, nakuheshimu lakini ukweli usemwe. Bila R-2 wangeanzia wapi? Umekiri mwenyewe umbo walichukua kwa Mrusi.

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Mkuu Hoja, hakuna aliyeanzia hewani. R-2 yenyewe ni mtoto wa V-2 ya Wajerumani. Marekani ilimchukua von Braun na wenzake wakaijenga programu yake. Kila mmoja alianzia kwa mwenzake. Swali langu ni nani aliendelea baada ya mwalimu kuondoka. Zipo nchi zilizopewa makombora ya Kisovieti na zikabaki na makombora ya Kisovieti mpaka kutu ikayamaliza.

Binti_wa_Tunguu aliandika:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mwalimu, umesema watu hupenda kutenganisha roketi ya sayansi na ya vita. Kwetu Unguja wazee hawakutenganisha. Marekani ilipojenga kituo cha kufuatilia vyombo vyake vya Mercury, vile vya wanaanga wake wa kwanza, hapa Tunguu, wapo waliopinga wakiogopa kisiwa kitageuzwa shabaha ya makombora. Kilikuwa kituo cha mawasiliano tu, lakini baada ya Mapinduzi kikaondolewa, Aprili 1964. Babu yangu mpaka anafariki alikiita "kwenye roketi", na hakuna roketi iliyowahi kuruka pale. Sasa nikisoma habari zako naona hofu ya wazee haikuwa ya kijinga.

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Wa alaykum salaam dada. Ahsante sana kwa kumbukumbu hiyo. Haikuwa ya kijinga hata kidogo. Na tarehe 27 Oktoba 1966 China ilifanya jambo linalonitia baridi kila nikilisoma: ilirusha kombora DF-2A likiwa na kichwa halisi cha nyuklia, kutoka Jiuquan hadi Lop Nur, uwanja wake wa majaribio ya nyuklia, juu ya ardhi yake yenyewe, na kikalipuka mwishoni. Kama lingekwenda upande kama lile la 1962, sijui tungekuwa tunasimulia nini leo. Siwezi kusifia wahandisi halafu nikaruka hapo. Nyumba hii imetengeneza silaha za kuangamiza miji, na inaendelea kuzitengeneza. Septemba 2024 kombora la masafa marefu lilirushwa hadi Bahari ya Pasifiki, jambo ambalo halikuwa limefanyika hadharani tangu mwaka 1980.

Reli_na_Mashine aliandika:

Shikamoo Mwalimu. Mimi nilisoma uhandisi wa mitambo huko China, naomba niongeze mambo mawili.

La kwanza, watu hawajui bei waliyolipa wenyewe kwa wenyewe. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, Yao Tongbin, mtaalamu wao mkubwa wa metali za roketi, aliyesoma Uingereza na kurudi kwa hiari yake, alipigwa mpaka akafa tarehe 8 Juni 1968. Hakupigwa na adui wa nje, ni mgogoro wa makundi ndani ya wizara yenyewe iliyosimamia roketi. Baada ya kifo chake ndipo Waziri Mkuu Zhou Enlai akaagiza iandikwe orodha ya wanasayansi wa kulindwa. Niliposimuliwa hilo mara ya kwanza sikulala vizuri.

La pili litawafurahisha wenzangu wa TAZARA. Mnajua kwa nini roketi za Long March kwa miongo mingi zilikuwa na unene wa mita 3.35? Reli! Zilisafirishwa kwa treni kwenda vituo vya kurushia vya Jiuquan, Xichang na Taiyuan, na mahandaki ya milimani hayapitishi kitu kinene zaidi. Ukitaka nguvu zaidi unafunga roketi ndogo ubavuni, huwezi kunenepesha shina. Mpaka walipojenga kituo cha Wenchang, kisiwa cha Hainan, ndipo wakaweza kutengeneza Long March 5 yenye mita 5, inayokwenda kwa meli kutoka Tianjin.

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Marahaba kijana wangu. Sisi tuliokulia kati ya Mlimba na Makambako tumehesabu mahandaki hayo tangu utotoni, kwa hiyo hili limenigusa. Na tazama tarehe: Aprili 1970 Long March 1 inapeleka setelaiti ya kilo 173, Oktoba mwaka huohuo ujenzi wa TAZARA unazinduliwa. Nchi ileile, tena maskini wakati ule.

Habari ya Yao niliiacha kwa kuwa nilijua ningeandika vibaya. Umeisema vizuri.

Mwana_Ukambani aliandika:

Ndugu zangu wa Tanzania, habari zenu. Mimi ni Mkenya. Mnasifu, lakini sisi tulioangukiwa tuseme nini? Desemba 30, 2024 pete ya chuma ya upana kama mita 2.5 na uzito wa karibu kilo 500 ilianguka kijijini Mukuku, Makueni. Mungu alisaidia haikumpata mtu. Hiyo si ya hawa hawa Wachina?

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Pole sana ndugu, na pole kwa wana Mukuku. Lakini hapo tuwe waangalifu. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilieleza kwamba ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Hakuna ushahidi uliowekwa mezani kuwa ni ya China, na sitaki tuwabebeshe kwa kuwa ndio tunaowazungumzia leo.

Yaliyo yao yapo na yanatosha. Long March 5B, kutoka Nanyuan hiyohiyo, ina tatizo la umbo: shina lake kubwa, zaidi ya tani 20, linaingia lenyewe kwenye mzingo wa dunia pamoja na mzigo, na injini zake haziwezi kuwashwa tena ili liangushwe mahali palipochaguliwa. Linazunguka mpaka hewa iliburute, na linashuka linakopenda. Mei 2020 vipande viliokotwa Côte d'Ivoire, bomba refu la chuma kijijini. Mei 9, 2021 mabaki yaliangukia Bahari ya Hindi karibu na Maldives, bahari hii hii tunayovulia. Waliowakosoa walikuwa na haki. Mhandisi anayekesha kuhakikisha roketi inapanda anawiwa pia na yule aliye chini inapoangukia.

Na kuna kijiji chao wenyewe. Tarehe 15 Februari 1996 pale Xichang, Long March 3B ya kwanza kabisa, ikiwa imebeba setelaiti ya Intelsat 708, ililala pembeni mara tu ilipoondoka kwenye jukwaa na kujipigiza mlimani baada ya sekunde 22 hivi. Serikali ilitangaza vifo 6 na majeruhi 57. Wageni walioshuhudia uharibifu waliamini waliokufa ni wengi zaidi. Chanzo kilikuwa kiungo kimoja kidogo cha dhahabu na alumini ndani ya chombo cha kuongoza roketi, kilichochakaa.

Agosti mwaka huo roketi nyingine ikashindwa kufikisha mzigo. Wateja wakakimbia, bima ikapanda. Hapo ndipo likaja jambo ambalo nawafundisha wanafunzi wangu bila kuwaambia limetoka wapi. Wenyewe wanaliita "kurudi sifuri". Kitu kikifeli, hairuhusiwi kusema "tumebadilisha kifaa, sasa kinafanya kazi". Lazima uonyeshe mahali penyewe ilipo hitilafu. Lazima ueleze ilivyotokea. Lazima uizalishe tena kwa makusudi mbele ya wenzako, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kisha uonyeshe dawa yako inaitibu, na mwisho upite kwenye roketi nyingine zote kutafuta kama ugonjwa huo umejificha. Upande wa uongozi nao una masharti yake, nani alihusika na kanuni gani inabadilishwa. Tangu baada ya Agosti 1996 hadi Agosti 2009 Long March haikushindwa hata mara moja.

Hoja_Kwa_Hoja aliandika:

Mwalimu, hapo kwenye kuizalisha tena hitilafu nimenyoosha mikono. Mimi ni fundi magari. Gari linaletwa linazima njiani, unabadilisha pampu, linawaka, mteja analipa anaondoka. Wiki mbili amerudi. Sikuwahi kulizimisha mwenyewe nione nini hasa kinalizima. Kauli ya "wameiga" naifuta.

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Nakushukuru mkuu, umesema kwa uungwana. Na hata wao haikuwafanya malaika. Julai 2, 2017 Long March 5 ya pili ilianguka baharini kwa tatizo la pampu ya injini ya haidrojeni. Wakakaa siku 908 ndipo wakairusha tena, Desemba 27, 2019. Chombo cha Chang'e 5 kilichokuwa kiende mwezini mwaka 2017 kikangoja stoo mpaka Novemba 2020, kikarudi na gramu 1,731 za udongo wa mwezi. Ningependa kumwona waziri yeyote wa kwetu akisubiri siku 908 bila kumfukuza mtu ili aonekane amechukua hatua.

Kibo_Mawenzi aliandika:

Swali dogo. CASC na CASIC ni kitu kimoja? Nayaona yote kwenye habari, nachanganyikiwa. Na Afrika tumepata nini?

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Ni ndugu wawili waliogawana mali. Lilikuwa shirika moja, likagawanywa Julai 1, 1999. CASC ikabaki na roketi kubwa, setelaiti, vyombo vya wanaanga na makombora ya masafa marefu. CASIC ikaenda zaidi na makombora ya masafa mafupi na ya kati, pamoja na ya kutungulia ndege kama HQ-9, ingawa nayo ina roketi ndogo za Kuaizhou.

Afrika: roketi za CASC zimerusha setelaiti za Nigeria (2007, ikaharibika angani mwaka uliofuata, wakapewa nyingine 2011), Algeria, Sudan, Ethiopia na Misri. Ethiopia ilikuwa Desemba 2019, kutoka Taiyuan. Taifa-1 ya Kenya ilikwenda na roketi ya Marekani mwaka 2023. Hayo ni manunuzi, na muuzaji wa setelaiti si lazima akufundishe kuitengeneza. Waethiopia angalau walipeleka wahandisi wao kushiriki, hilo nimelipenda.

Reli_na_Mashine aliandika:

Mwalimu, kabla hujalala: habari ya Yang Liwei na mtikisiko, wasimulie.

Mwalimu_wa_Mlimba aliandika:

Umenikumbusha. Oktoba 15, 2003, Mchina wa kwanza angani, Yang Liwei, juu ya Long March 2F. Akiwa kilomita 30 na zaidi kwenda juu, roketi ikaanza kutikisika mara 8 kwa sekunde, kwa sekunde 26. Mtikisiko wa polepole namna hiyo unashika viungo vya ndani ya mwili wa mtu. Alisimulia baadaye kwamba alidhani anakufa. Watu wa ardhini waliona picha yake haipepesi macho wakadhani ameganda. Aliporudi akawaeleza, wakatafuta, wakakuta mtikisiko unatokea kati ya mabomba ya mafuta na mwili wa roketi. Ufito uleule wa 1962, kwa sura nyingine! Wakaurekebisha kwa ajili ya waliomfuata.

Sasa wanaandaa Long March 10, ya kupeleka watu mwezini kabla ya mwaka 2030, kutoka taasisi hiyohiyo ya Nanyuan. Agosti 15, 2025 pale Wenchang walisimamisha sehemu yake ya chini, wakaifunga kwa nguvu kwenye jukwaa, wakawasha injini zote 7 kwa pamoja. Moto ukawaka, maji yakamwagwa kupoza, na roketi haikwenda popote. Picha ya video yake nimewaonyesha kidato cha nne wiki iliyopita kwa simu yangu, mmoja akauliza kwa nini wasiiachie tu iruke. Nikamrudisha kwenye Machi 21, 1962, tukamaliza kipindi kizima hapo.

Kesho nina vipindi kuanzia saa mbili asubuhi. Walioniuliza pembeni kuhusu injini ya haidrojeni, nitarudi jioni na michoro niliyochora kwa mkono.